Ndugu Mhariri, sikukuu na tuzo zina karatasi zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu ule ukurasa wa "Je, Wajua?" unaotoka kila inapokaribia sikukuu ya kitaifa au msimu wa kutangazwa kwa tuzo kubwa za dunia. Ukurasa unapendwa. Kwenye daladala ukishaumaliza, wa pembeni anakuomba na yeye apitishe macho, na watoto wa shule wanaukata na kuubandika kwenye madaftari. Kwa sababu hiyo hiyo, kosa likipita pale halifi. Mwaka unaofuata linaibuka kwenye gazeti jingine, safari hii likiwa limepandishwa cheo na kuitwa "kama inavyofahamika".

Chanzo cha makosa mengi ni kimoja. Waandishi wanachukulia kwamba sikukuu huwekwa tu siku ile jambo lilipotokea, na kwamba tuzo huzaliwa kwa huruma ya tajiri mmoja aliyeamka asubuhi akiwa mtu mwema. Tarehe hupangwa na watu waliokaa kikao, wakaandika, wakasaini, na pengine baadaye wakabadili mawazo. Tuzo nayo ina wosia, ina fedha zilizotoka mahali, ina kanuni inayosema nani anaruhusiwa kupeleka jina na mwisho lini. Karatasi hizo zipo. Anayeandika asili ya sikukuu bila kuuliza nani aliamua, lini, na kwa hati ipi, huyo ananakili hadithi.

Tuanze na Desemba 9, maana ndiyo inayoandikwa sana na kukosewa sana.

Mwishoni mwa Machi 1961 ulifanyika mkutano wa katiba hapa hapa Dar es Salaam, katika Ukumbi wa Karimjee. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alikuja mwenyewe. Makubaliano yalikuwa kwamba Tanganyika ipate madaraka kamili ya ndani Mei 1, 1961, na uhuru Desemba 28, 1961. Ndiyo, Desemba 28. Na kwa kuwa Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu nalo lilipitisha azimio mwezi Aprili likisema udhamini utakoma siku hiyo ya 28. Baadaye tarehe ikarudishwa nyuma hadi Desemba 9, na Baraza Kuu likalazimika kupitisha azimio jingine mwezi Novemba, ikiwa imebaki kama mwezi mmoja tu kabla ya bendera kupandishwa. Kwa zaidi ya nusu mwaka, basi, siku ya uhuru wetu ilikuwa nyingine kabisa katika vitabu vya Umoja wa Mataifa kule New York. Sijawahi kuona jambo hili kwenye toleo maalumu la Desemba la gazeti lolote, wakati maazimio yote mawili yamewekwa wazi na mtu yeyote anaweza kuyasoma bila kulipa senti.

Lipo kosa la pili la siku hiyo hiyo, nalo limo kwenye maelezo ya picha. Utakuta picha ya Desemba 1961 na chini yake imeandikwa "Rais Nyerere". Mwalimu siku ile alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alibaki kuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa mwisho kabla ya uhuru. Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu, nafasi ikashikwa na Rashidi Kawawa, na Mwalimu akaapishwa kuwa Rais Desemba 9, 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Jamhuri iliwekwa makusudi kwenye tarehe ya uhuru, ndiyo maana sikukuu moja imebeba mambo mawili. Kosa la tatu ni "uhuru wa Tanzania". Tanzania haikutawaliwa na mtu, kwa hiyo haikupata uhuru kwa mtu. Tanganyika ilipata Desemba 9, 1961. Zanzibar ilipata Desemba 10, 1963, ikiwa chini ya Sultani, na Mapinduzi ya Januari 12, 1964 ndiyo yaliyoifanya tarehe ile ya 1963 isisherehekewe.

Muungano ni vivyo hivyo. Hati ya Makubaliano ilisainiwa na Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume Aprili 22, 1964, mjini Zanzibar. Aprili 26 Muungano ukaanza kisheria. Aprili 27 viongozi hao wawili wakakutana Karimjee kubadilishana hati. Sikukuu ikakaa kwenye ile ya katikati, siku ya sheria, na si siku ya kalamu wala siku ya sherehe. Mwandishi akiandika "mnamo Aprili 26, 1964 viongozi wetu walisaini Muungano na Tanzania ikazaliwa", amekosea mara mbili ndani ya sentensi moja, kwa sababu nchi iliyozaliwa siku ile iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo.

Wakati mwingine tarehe huchaguliwa ili ifanane na nyingine. Afro-Shirazi Party (ASP) ya Zanzibar iliundwa Februari 5, 1957. TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, siku iliyochaguliwa ikawa Februari 5, 1977, miaka 20 kamili. Hapo hakuna cha kubahatisha.

Sasa Saba Saba. Kijana wa Temeke ukimuuliza Saba Saba ni nini, atakuelekeza viwanja vya Barabara ya Kilwa, atakutajia kiingilio na foleni ya magari ya Mtoni. Si kosa lake. Maonesho yameimeza sikukuu. Kiini chake ni mkutano wa Julai 7, 1954, katika ofisi ya Tanganyika African Association, mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, leo Lumumba. Chama hicho, TAA, kilichokuwa kimempa Mwalimu urais mwaka uliotangulia katika Ukumbi wa Arnautoglu, ndicho kilichogeuzwa kuwa TANU.

Lakini ukurasa wenu huanzia 1954 kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na pori. Fukueni kidogo tu mtakutana na jambo la ajabu. TAA ilizaliwa kama African Association mwaka 1929, na katibu wake wa kwanza alikuwa Kleist Sykes, mzaliwa wa Pangani, 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka upande wa Inhambane, Msumbiji, na alikuja pwani yetu akiwa askari wa kukodiwa katika kikosi cha Mjerumani Hermann von Wissmann. Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1889 kwa kazi moja, kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo. Watoto wa Kleist, Abdulwahid na Ally Sykes, wamo katika orodha ya waasisi 17 wa TANU. Kutoka kwenye jeshi lililomnyonga Abushiri hadi chama kilichomwondoa mkoloni ni vizazi vitatu vya ukoo mmoja. Hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa katikati, Mhariri, siyo orodha ya mabanda yaliyopewa kombe.

Na huyo Wissmann hakuondoka mjini kimya. Wajerumani walimwekea sanamu hapa Dar es Salaam mwaka 1909, yeye juu amesimama, na chini yake askari wa Kiafrika akilaza bendera juu ya simba aliyekufa. Uingereza ilipoichukua nchi, sanamu iliondolewa, ikasafirishwa, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, kwenye chuo kikuu. Wanafunzi wa huko waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, na haikusimama tena. Sanamu ya Askari tunayopishana nayo kila siku pale Samora ni nyingine na ya utawala mwingine. Iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, singe yake ikielekezwa upande wa bandari. Maneno yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawakumbuka askari na wapagazi waliokufa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza. Kuiweka picha yake kwenye makala ya Maji Maji, au kando ya shairi la mashujaa wa uhuru, ni kumvika marehemu sanda ya mwenzake.

Nikiwa bado kwa Wajerumani, nina ombi kuhusu Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kila anapoandikwa, habari hukomea kwenye ushindi wa Lugalo, Agosti 17, 1891, na kifo chake Julai 19, 1898. Sehemu isiyoaminika, na ambayo ni kweli tupu, iko katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza. Ibara ya 246 ya mkataba huo, kati ya mambo ya mipaka, meli na fidia, inaitaka Ujerumani ndani ya miezi sita ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililodaiwa kupelekwa Ujerumani. Ibara hiyo hiyo inaitaka irudishe na Kurani ya Khalifa Othman. Fuvu limo humo kwa sababu za kiserikali. Msimamizi wa Kiingereza wa eneo hili, Horace Byatt, aliona kulirudisha kungewapendeza Wahehe, waliokuwa wamesaidia upande wa Uingereza vitani, na kungeonyesha kwamba Mjerumani amekwisha.

Miezi sita ikawa miaka 35. Ujerumani ilijibu kwamba haina fuvu hilo. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua suala hilo. Mwaka 1953 akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa yamehifadhiwa kwa wingi. Njia ya kulitambua ilikuwa ya vipimo. Walitafuta uwiano wa upana na urefu wa fuvu unaokaribiana na ule wa vichwa vya jamaa zake walio hai, kisha wakaangalia lenye tundu la risasi, maana Mkwawa alijipiga risasi kichwani. Lililochaguliwa lilikabidhiwa Kalenga Juni 19, 1954. Kwa kipimo cha leo, ushahidi huo ni mwembamba. Uwiano wa fuvu hauwezi kumtaja mtu kwa jina, na risasi za kichwani hazikuwa haba miaka ile. Gazeti lina haki ya kuandika "fuvu lililorudishwa kama la Mkwawa", na likiandika hivyo halitamvunjia heshima mtu. Msomaji akitazama tarehe ataona pia kwamba lilifika wiki tatu hivi kabla ya ule mkutano wa New Street.

Sikukuu za kuja nazo zina mitego yake. Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, hupambwa kila mwaka na hadithi ya washona nguo wa New York walioandamana mwaka 1857. Wanahistoria wameitafuta hadithi hiyo katika kumbukumbu za mwaka huo na hawakuiona. Ilianza kuchapwa Ufaransa katika miaka ya 1950. Yanayothibitika ni haya: mwaka 1910 mkutano wa wanawake wa kisoshalisti huko Copenhagen, kwa hoja ya Clara Zetkin, uliamua iwepo siku ya kimataifa bila kutaja tarehe. Mwaka 1911 ikaadhimishwa Machi 19 huko Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi. Machi 8 ilikuja kwa sababu ya Urusi. Wafanyakazi wanawake wa Petrograd waligoma Februari 23, 1917 kwa kalenda ya zamani ya Kirusi, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Ishirini na tatu jumlisha 13 ni 36, toa siku 28 za Februari, unapata 8. Mgomo huo ulifungua mlango wa kuanguka kwa mfalme wa Urusi. Mei Mosi sitaichelewesha. Ilitoka kwenye mgomo wa Marekani wa 1886 wa kudai kazi isizidi saa nane kwa siku, lakini Marekani yenyewe huwapumzisha wafanyakazi wake Jumatatu ya kwanza ya Septemba, tangu 1894.

Na ipo sikukuu yetu ambayo kalenda yake inawachanganya hata waandaaji wa safari za watalii, Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Ni mwaka wa Nairuzi, urithi wa kalenda ya jua ya Kiajemi ambayo wavuvi, mabaharia na wakulima wa pwani waliitumia kujua pepo na misimu. Una miongo 36 ya siku kumi kumi, jumla 360, na siku tano za nyongeza. Hauna mwaka mrefu. Kalenda ya ukutani inaongeza siku moja kila baada ya miaka minne, Nairuzi haiongezi, kwa hiyo Nairuzi hutangulia siku moja kila miaka minne. Katika miaka 40 tofauti inafika siku kumi. Mwandishi anayenakili tarehe kutoka kwenye kitabu cha zamani cha watalii anawapeleka wasomaji Makunduchi wakati kibanda cha makuti kimeshachomwa na wanaopigana kimila kwa mabua ya migomba wameshapatana. Afadhali apige simu kijijini.

Kuthibitisha haya hapa mjini hakuna ugumu ambao dawati la habari halijauzoea. Sikukuu za kisheria zimo katika Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 35. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina ofisi Upanga, Maktaba Kuu iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na Maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye magazeti ya miaka ya 1950 na 1960. Mtego wa magazeti ya zamani ni mmoja. Tarehe iliyo juu ya ukurasa ni ya siku ya kuchapwa, na tukio lilikuwa jana yake au juzi yake. Wanaosahau hilo ndio wanaosogeza matukio kwa siku moja. Kwa picha, geuza upande wa nyuma kwanza. Picha nyingi za idara ya habari zina namba na tarehe nyuma, na anayefanyia kazi nakala ya mtandaoni hawezi kuviona.

Sasa tuzo. Alfred Nobel, Mswidi aliyevumbua baruti kali ya dainamaiti, ndiye anayeonewa zaidi na "Je, Wajua?". Simulizi inasema kaka yake Ludvig alipofariki Cannes mwaka 1888, gazeti la Ufaransa lilidhani amekufa Alfred, likaandika kwa herufi kubwa kwamba mfanyabiashara wa kifo amekufa, naye akaona aibu akaanzisha tuzo. Ludvig alifariki kweli, na magazeti ya Ufaransa yaliwachanganya kweli. Lakini nakala halisi yenye kichwa hicho cha habari haijawahi kutolewa na yeyote, na Nobel hakuacha andiko linalosema tuzo ilitokana na hilo. Tulicho nacho mkononi ni barua zake nyingi na mwanaharakati wa amani Bertha von Suttner, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Amani mwaka 1905, na wosia.

Wosia wenyewe ni somo. Nobel hakuwaamini wanasheria, kwa hiyo aliuandika kwa mkono wake, kwa Kiswidi, na kuusaini mbele ya mashahidi wanne huko Paris, Novemba 27, 1895. Aliacha kama kroni milioni 31. Makosa yakawa matatu. Alizitaja taasisi za kutoa tuzo bila kuziuliza kama zitakubali. Aliacha fedha kwa ajili ya mfuko ambao ulikuwa haujaundwa. Na hakueleza nyumbani kwake kisheria ni wapi, wakati alikuwa na nyumba Paris, San Remo na mali Uswidi. Alipofariki Desemba 10, 1896, ndugu walipinga. Msimamizi wa mirathi, Ragnar Sohlman, kijana wa miaka 26, aliona kwamba mahakama za Ufaransa zikimhesabu marehemu kuwa mkazi wa Paris, kazi imekwisha. Akazikusanya hati za mali kwenye mabenki ya Paris na kuzibeba kwa gari la farasi hadi ubalozi mdogo wa Uswidi, bastola ikiwa mkononi. Kanuni za mfuko hazikupitishwa hadi 1900, na tuzo za kwanza zikatolewa 1901. Ile ya uchumi haimo kabisa kwenye wosia. Iliongezwa na Benki Kuu ya Uswidi mwaka 1968.

Kinachonikera zaidi ni habari za "ateuliwa kuwania Nobel". Kwa Tuzo ya Amani, anayeruhusiwa kupendekeza jina ni pamoja na mbunge yeyote wa bunge la taifa lolote, waziri, na profesa wa chuo kikuu wa historia, sheria, falsafa, dini au sayansi ya jamii. Maana yake kila mbunge aliyekaa Dodoma anaweza kupeleka jina la mtu wa jimboni kwake, na likipokelewa kabla ya Januari 31 kupita, mtu huyo amependekezwa. Mwaka 2024 majina yalikuwa 286. Kamati yenyewe huficha majina kwa miaka 50. Kwa hiyo habari hizo hutoka kwa mpendekezaji au kwa mpendekezwa, na mwandishi ana wajibu wa kusema ni nani kati yao aliyempigia simu.

Kila Oktoba 14 hutokea pia barua za kudai Mwalimu apewe Nobel. Kanuni iliyowekwa mwaka 1974 hairuhusu kumpa marehemu, isipokuwa amefariki baada ya kutangazwa. Dag Hammarskjöld alipewa 1961 akiwa tayari amekufa Ndola, kwa kuwa kanuni hiyo ilikuwa haijawekwa. Mwalimu hakukosa tuzo. Alipata Nishani ya Nansen ya wakimbizi mwaka 1983, alikuwa wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi ya India mwaka 1995, na kabla yake alipewa Tuzo ya Amani ya Lenin. Hiyo ya Lenin ina asili ya kuchekesha. Ilianzishwa Desemba 1949, siku Stalin alipotimiza miaka 70, ikaitwa kwa jina la Stalin. Mwaka 1956 Stalin alipochafuka, ikabadilishwa jina, na waliokuwa wamepewa wakaombwa warudishe za zamani wapewe mpya.

Tuzo ya Mo Ibrahim, dola milioni 5 zinazolipwa kwa miaka 10 kwa kiongozi wa nchi aliyeondoka madarakani kwa utaratibu, ilitokana na vocha tulizokuwa tukizikwangua. Mo Ibrahim ndiye mwanzilishi wa kampuni ya simu za mkononi ya Celtel, iliyouzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4. Wa kwanza kuipata ni Joaquim Chissano wa Msumbiji, 2007, na miaka kadhaa haikupata mtu. Nayo Oscar, ambayo wasanii wetu huiota, inatolewa na akademia ya filamu iliyobuniwa na bosi wa studio, Louis B. Mayer, mwaka 1927, hasa ili migogoro ya kazi isuluhishwe ndani na vyama vya wafanyakazi visiote mizizi Hollywood.

Tuzo moja inakuhusu wewe, Mhariri. Pulitzer, heshima kubwa kuliko zote katika uandishi wa habari wa Marekani, inabeba jina la mtu aliyeuza magazeti ya udaku. Joseph Pulitzer na mshindani wake Hearst waligombania wasomaji wa New York katika miaka ya 1890 kwa vichwa vya habari vya kutisha, umbea na vibonzo, hadi mtindo wao ukapewa jina la uandishi wa manjano. Kisha akaahidi Chuo Kikuu cha Columbia dola milioni 2 kwa ajili ya shule ya uandishi na tuzo. Alifariki 1911, tuzo zikaanza 1917. Kwa hiyo hata udaku unaweza kuzaa kitu, fedha zikiwepo.

Nimalize na la kufanyika sasa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi Oktoba 7, 2021, magazeti yaliuliza lini atapata mwandishi anayeandika kwa Kiswahili. Kwa Tuzo ya Fasihi wanaoruhusiwa kupendekeza ni maprofesa wa fasihi na isimu wa vyuo vikuu, washindi waliotangulia, wanachama wa Akademia ya Uswidi na akademia zinazofanana nayo, na marais wa vyama vya waandishi vinavyowakilisha fasihi ya nchi zao. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Barua ifike Stockholm kabla ya Januari 31 kwisha. Maprofesa wa fasihi na isimu tunao Mlimani, Dodoma na Zanzibar, na kila mmoja ana haki hiyo peke yake, bila kibali cha wizara. Wanaoamua wanasoma vitabu vyenyewe, kwa hiyo ni vyema mwandishi anayependekezwa awe na walau vitabu viwili vitatu vilivyotafsiriwa vizuri. Mwandishi wenu anaweza kuwapigia simu maprofesa hao mwezi Novemba na kuwauliza kama wanaijua kanuni hiyo.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Magomeni, Dar es Salaam